Mcheza kwao hutunzwa: Maonyesho ya sanaa Pemba hufanyika lini, na mchango wako unakwenda wapi?

Kila msimu wa maonyesho unapokaribia, maswali mawili hutufikia kuliko mengine yote kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. La kwanza: kuna mchezo gani unakuja, na lini? La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: tukilipa kiingilio au tukichangia, fedha zile huishia wapi?

Ratiba ya wiki tunaisoma hewani, kwa sababu siku za maonyesho hubadilika kwa mvua, kwa msiba na kwa boti iliyochelewa. Katika makala hii tunaeleza mambo ambayo hayabadiliki haraka: ni sanaa gani huonyeshwa kisiwani kwetu, mwaka wa msanii unavyokwenda, nani hulipia onyesho, na namna ya kuchangia bila ya kujuta.

Kwa ufupi:

- Maonyesho mengi Pemba hufuata kalenda tatu kwa pamoja: ya dini, ya mvua, na ya karafuu.
- Fedha ya mlangoni si faida. Sehemu kubwa huondoka na gharama kabla haijafika kwenye lengo.
- Kumpa msanii kitu anachokihitaji kabla ya onyesho mara nyingi husaidia kuliko kununua tiketi tu.
- Kabla hujatuma pesa kwa simu, hakikisha jina, lengo, na siku ya kusomwa hesabu.

Ni sanaa gani tunazizungumzia?

Mtu akisikia neno "tamthilia" huenda akafikiria jukwaa lenye pazia na taa za rangi. Huku kwetu mchezo huchezwa mahali popote watu wanapoweza kukaa na kuona: uwanja wa skuli, chini ya mwembe, kiwanja cha mpira, baraza ya shehia. Shughuli kubwa zaidi hupelekwa kwenye kumbi na viwanja ambavyo wengi wetu tunavijua, kama uwanja wa Gombani na kiwanja cha Tibirinzi huko Chake Chake, ukumbi wa Makonyo huko Wawi, au ukumbi wa Jamhuri huko Wete.

Na sanaa zenyewe ni nyingi. Ipo msewe, ngoma inayohesabiwa kuwa ni ya Pemba, iliyopewa jina kutokana na njuga za majani wanazofunga wachezaji miguuni ili kila hatua itoe mlio. Ipo kibati, nayo ni ya kisiwani kwetu: mtu husema maneno ya haraka ya papo kwa papo, mwenzake akamjibu, ngoma zikipigwa na waitikiaji wakipokea. Anayetafuta asili ya mchezo wa kuigiza Pemba hana haja ya kwenda mbali, kwa sababu kibati ni majibizano ya watu wawili mbele ya hadhira, na hiyo ndiyo mbegu ya mchezo wowote.

Majibizano hayo yalikuwako pia katika ushairi. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba, wanakumbukwa hadi leo kwa tungo walizojibizana, na habari zao zimekusanywa katika kitabu cha Abdurrahman Saggaf Alawy, Kale ya Washairi wa Pemba. Watu waliyangojea mashairi yale kama wanavyongoja leo sehemu inayofuata ya mchezo wa redio.

Kisha kuna taarab na kidumbak, kasida, ngonjera za wanafunzi, vichekesho, na maigizo ya vikundi vya vijana. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyoenea zaidi miaka hii. Utayakuta kwenye kampeni za kupinga udhalilishaji wa wanawake na watoto, za afya, za kulinda mikoko, na kwenye mahafali ya skuli.

Mwaka wa msanii Pemba

Msikilizaji anayetaka kujua lini kutakuwa na onyesho aanze kwa kujiuliza mambo matatu: mwezi wa Kiislamu ni upi, mvua imeanza, na karafuu zimeanikwa?

Januari. Tarehe 12 ni siku ya Mapinduzi. Shamrashamra huanza siku nyingi kabla, na vikundi vya ngoma na wanafunzi hualikwa kwenye uzinduzi wa miradi na kwenye kilele. Kwa kikundi cha kijijini, hii ni nafasi ya kuonekana na watu wengi kwa siku moja.

Februari. Mji Mkongwe, Unguja, hufanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Msanii wa Pemba anayetaka kushiriki tamasha la aina hiyo huhitaji kurekodi kazi yake na kuituma miezi mingi kabla. Anayeanza kutafuta nafasi wiki ya tamasha huwa amechelewa.

Machi hadi Mei. Tarehe 27 Machi ni Siku ya Tamthilia Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Kwetu siku hiyo huangukia mlangoni mwa masika. Mvua za miezi hii ndiyo sababu maonyesho ya uwanjani ni machache. Vikundi vyenye busara hutumia masika kuandika, kufanya mazoezi na kushona maleba.

Juni hadi Septemba. Mvua kubwa imeondoka, kuna ubaridi kidogo na ardhi ni kavu. Huu ni msimu mzuri wa kukaa nje usiku. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na skuli nyingi huitumia kwa ngonjera na maigizo. Julai pia, Makunduchi huwa na Mwaka Kogwa, na Unguja hufanyika Tamasha la Utamaduni wa Mzanzibari. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, nalo kwa miaka mingi limekuwa likifanyika katikati ya mwaka.

Msimu wa karafuu. Karafuu huanza kuchumwa katikati ya mwaka, na mavuno makubwa hufika baadaye, kuelekea mwisho wa mwaka. Msimu ukiwa mzuri, fedha huingia vijijini, harusi huongezeka na vikundi vya taarab hupata mialiko. Msimu ukiwa mbaya, hata mchezo mzuri huchezwa mbele ya viti vitupu. Kiongozi wa kikundi anayepanga onyesho la kuchangisha Pemba bila ya kuuliza habari za karafuu anapanga gizani.

Juu ya kalenda hiyo ya jua ipo kalenda ya mwezi, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mwezi wa Ramadhani ngoma na maigizo ya burudani husimama. Mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, huwa na harusi nyingi. Sikukuu ya Idd el Fitr, na baadaye ile ya Mfungo Tatu, hufungua viwanja vya sikukuu ambako watoto huja na nguo mpya na fedha za sikukuu mkononi. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, na hapo nafasi ni ya kasida na maulidi yenyewe.

Saa nazo zina utaratibu wake. Onyesho la mchana huanza baada ya Alasiri na kumalizika kabla ya Magharibi. La usiku huanza baada ya Isha. Kikundi kinachoandika "saa moja usiku" kwenye tangazo lake kitakuta watu bado wako msikitini au wanakula.

Nani hulipia onyesho?

Kuna mikono mitatu.

Wa kwanza ni wa mtazamaji anayelipa kiingilio. Hii ni njia inayoeleweka kwa urahisi, lakini inahitaji ukuta na mlango. Uwanja wa wazi hauna mlango, na huwezi kumtoza mtu aliyesimama njiani akatazama.

Wa pili ni wa tunzo. Aliyekwenda kwenye taarab anaujua utaratibu: mwimbaji akifika kwenye beti linalomgusa, mtu huinuka, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akatoa fedha. Wakati mwengine anayetunza husema jambo lake kwa ulimi wa mwimbaji, na aliyekusudiwa huelewa bila ya kutajwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na msemo huu una maana ya kifedha pia: hadhira ya nyumbani ndiyo inayomlisha msanii. Vikundi vikongwe vya Zanzibar vimedumu kwa kuwa na watu wao. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club ina asili yake mwaka 1958. Mitindo imebadilika, serikali zimebadilika, wao wapo.

Wa tatu ni wa mfadhili: shirika, taasisi au mradi unaolipa kikundi kipite vijijini na ujumbe fulani. Mkono huu umesaidia sana vikundi vya maigizo, hasa vya vijana. Unalipa nauli, chakula na posho, na watazamaji huingia bure. Tatizo lake ni kwamba mradi una mwanzo na mwisho. Siku unapokwisha, kikundi hujikuta na mchezo mzuri na wasanii waliozoea posho, lakini hakijawahi kuuza tiketi hata moja wala kujua watu wa kijiji chake wako tayari kutoa kiasi gani. Wengi hapo huacha. Kikundi kilichojenga mikono yote mitatu hakitetereki mmoja ukikatwa.

Onyesho la kuchangisha: tupige hesabu

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo twende polepole. Tuchukue mfano ambao tumeutunga wenyewe ili hesabu ionekane.

Kikundi cha wasanii 15 kinacheza mchezo ili kusaidia kuezeka darasa la skuli. Wanakuja watu wazima 150, kila mmoja shilingi 2,000, na watoto 100, kila mmoja shilingi 500. Mlangoni zinapatikana shilingi 350,000. Tunzo ni shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 410,000. Watu wanarudi nyumbani wakisema, "Leo laki nne zimepatikana, bati zipo."

Sasa tuangalie zilizotoka:

- Kukodi spika na jenereta: 120,000
- Mafuta ya jenereta: 25,000
- Gari ya kubeba wasanii na vyombo: 60,000
- Chai na chakula cha watu 15 na wasaidizi: 45,000
- Maleba na vipodozi: 30,000
- Tiketi, matangazo na vibali: 20,000

Jumla ya gharama ni shilingi 300,000. Kwa skuli zimebaki shilingi 110,000. Hakuna aliyeiba hata senti, na bado kati ya kila shilingi 100 zilizopatikana, zilizofika kwenye bati hazifiki 27. Mwalimu mkuu akipokea laki na kumi mbele ya watu waliohesabu laki nne, minong'ono huanza usiku huohuo.

Tuongeze mvua. Watu wazima wakija 60 na watoto 40, mlangoni zitapatikana 140,000, na tunzo tuseme 20,000. Jumla 160,000. Lakini spika zimeshakodiwa, gari limeshakuja na chakula kimeshapikwa. Gharama ni zilezile 300,000. Kikundi kimejitolea kwa ajili ya skuli na kimerudi na deni la shilingi 140,000. Deni la namna hii ndilo linalovunja vikundi, kwa sababu aliyeweka jina lake kwa mwenye spika hubaki peke yake.

Hesabu hizi zinatufundisha mambo mawili.

Kwanza, gharama kubwa hutangulia watazamaji, na hapo ndipo msaada unapozaa matunda mengi. Katika mfano wetu, kama mtu mmoja wa kijiji angetoa spika na jenereta yake bure pamoja na mafuta, kilichobaki kingepanda kutoka 110,000 hadi 255,000. Mwenye gari angejitolea pia, zingekuwa 315,000. Mama wanaopika chai na mihogo, fundi cherehani anayeshona bila malipo, mwenye duka anayetoa karatasi za tiketi, hawa wote ni wachangiaji, na mchango wao hauhitaji kupita kwenye simu ya mtu.

Pili, maneno ya tangazo yasiseme uongo hata kwa bahati mbaya. Ukitangaza "mapato yote yatakwenda skuli", umeahidi laki nne na kumi. Sema "kitakachobaki baada ya gharama kitakwenda skuli", au bora zaidi, changisheni gharama kwanza pembeni, kisha mtangaze kwa kujiamini kwamba kila shilingi ya mlangoni ni ya skuli. Tunzo nazo ziamuliwe kabla: ni za mwimbaji aliyetunzwa, za kikundi, au za lengo? Pote panawezekana, ilimradi wasanii na watazamaji wamejua mapema.

Kwengine wamefanyaje?

Kijiji kinachokumbukwa sana Afrika Mashariki kwa kujijengea jukwaa lake ni Kamirithu, Limuru, nchini Kenya. Katika miaka ya 1976 na 1977, wakulima na vibarua wa pale, kupitia kituo chao cha elimu na utamaduni, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000. Mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, ulifunguliwa hapo tarehe 2 Oktoba 1977. Wanakijiji waliuchambua na kuurekebisha wakati wa mazoezi, na watu walikuja kwa mabasi kuutazama. Wiki sita baadaye serikali iliondoa kibali, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Watu hukumbuka zaidi habari ya kuzuiliwa. Sisi tunataka msikilizaji akumbuke pia ile ya ujenzi. Watu wasio na mshahara wa uhakika walipata jukwaa kubwa kwa sababu kila mmoja alitoa alichonacho: nguvu, miti, siku zake za mapumziko. Jukwaa likawa lao kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Tanzania Bara, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa mjini. Waliuliza kwanza ni jambo gani linakisumbua kijiji, na jambo kama mimba za wanafunzi likaibuka. Wanakijiji wenyewe waliligeuza kuwa ngoma, nyimbo na maigizo, wakacheza, kisha wakakaa kujadili. Maigizo mengi tunayoyaona leo Pemba, yale yanayosimama katikati na mwezeshaji akauliza "Je, baba huyu angefanya nini?", ni ndugu wa kazi ile.

Na kwa wanaouliza kama michezo hii hubadilisha chochote, redio ina ushahidi wake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi waliosikiliza wakati ule hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha. Waligundua kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Mchezo ulipofunguliwa Dodoma, mabadiliko yakaanza kuonekana na huko.

Kabla hujachangia kwa simu

Siku hizi kikombe cha mchango kimehamia kwenye simu. Jambo hili limewarahisishia ndugu zetu walioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na Dubai kuchangia shughuli ya kijiji walichozaliwa. Limewarahisishia na matapeli. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" umeshawaliza wengi.

Kabla ya kutuma, uliza maswali haya:

1. Kikundi kinaitwa nani, na kiko shehia gani? Sheha wa pale anakijua?
2. Fedha ni za jambo gani hasa? "Kusaidia sanaa" halitoshi. "Ngoma mbili na nauli ya watu 12 kwenda Unguja" linatosha.
3. Wanataka kiasi gani kwa jumla, na mwisho wa kuchangia ni lini?
4. Namba ya simu imesajiliwa kwa jina la nani? Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Jina lisipolingana na ulilotajiwa, simama hapohapo.
5. Onyesho likiahirishwa au lengo lisipofikiwa, fedha zitafanywa nini?
6. Hesabu itasomwa lini, wapi, na nani?

Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akisema ni wa kampuni ya simu. Na ukipata ujumbe unaotumia jina la redio yetu kuomba mchango, subiri usikie tangazo hilo hewani kwanza.

Kwa vikundi: utaratibu na tangazo

Kikundi kinachotaka kuonyesha mchezo mbele ya umma kinahitaji kuanza mapema. Kwa kawaida safari huanza kwa sheha, ambaye anajua kama siku hiyo kuna msiba, harusi au shughuli nyengine. Usajili wa wasanii na vibali vya sanaa viko chini ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, wengi wakiliita BASSFU. Waulizeni wao wanahitaji nini kwa aina ya onyesho lenu. Panapotarajiwa watu wengi, polisi nao wajue. Kama ni skuli, mwalimu mkuu na kamati ya skuli watoe ruhusa kwa maandishi, kwa sababu kiongozi akihama, maneno ya mdomo huhama naye.

Kama mchezo una wanafunzi ndani yake, wazazi waulizwe, mazoezi yasiingilie masomo, na usafiri wa kurudi nyumbani usiku upangwe kabla ya usafiri wa kuja. Wazazi wengi wanaokataa mabinti wao kuigiza hawachukii sanaa. Wanauliza nani atamrudisha mtoto saa nne usiku, na swali hilo linastahili jibu.

Ili tusome tangazo lenu, tunahitaji mambo saba: jina la kikundi, jina la mchezo na unahusu nini kwa sentensi moja, siku na tarehe, saa, mahali pamoja na shehia, kiingilio cha wakubwa na watoto, na lengo la fedha. Tangazo lisilo na shehia huwapoteza watu, maana majina ya vijiji hufanana. Lisilo na lengo la fedha hutulazimisha kupiga simu kuuliza, na siku zikapita.

Kisha kuna jambo la nane, ambalo halimo kwenye tangazo lakini lina uzito kuliko yote: hesabu. Hazihitaji mhasibu. Daftari moja linatosha, lenye kurasa mbili, zilizoingia na zilizotoka, likishikwa na mtu mmoja na fedha zikishikwa na mwengine. Tiketi ziwe na namba, ili zilizouzwa zilingane na fedha. Risiti ya mafuta na ya gari zibandikwe humo. Ndani ya wiki moja, msimamisheni mtu barazani au msikitini baada ya sala, kwa idhini ya wenyewe, asome: tulipata kiasi hiki, tulitumia hiki, tumekabidhi hiki kwa fulani, na hii ndiyo sahihi yake.

Hata ikiwa ni hasara, isomwe. Kijiji kilichoambiwa "tuliingia deni la laki na arubaini kwa sababu ya mvua" huweza kulilipa deni lile kwa harambee ndogo ya asubuhi moja. Kijiji kisichoambiwa kitu kitatunga hesabu yake chenyewe, na katika hesabu hiyo wasanii huwa wamekula.

Vikundi vingi vya Pemba vina vipaji, vina maneno na vina hadhira inayopenda kukaa nje usiku ikacheka na kujitazama. Kinachopungua mara nyingi ni imani kati ya anayetoa shilingi elfu mbili na anayezipokea, nayo hujengwa kwa kurasa mbili za daftari. Kwa hiyo msikilizaji ukilipa kiingilio msimu huu, usione haya kuuliza hesabu itasomwa lini. Nanyi wasanii, mkiulizwa, msichukulie kuwa mmetuhumiwa. Anayeuliza hesabu ya mchezo wa leo ni mtu anayepanga kuja kwenye mchezo wa kesho.